Fedha Hizi ni za Nani? Alaska na Hoja ya Kipato kwa Wote

Msikilizaji, ukitafuta jambo ambalo Milton Friedman na Martin Luther King wangeweza kuketi mkeka mmoja wakalizungumza bila kugombana, utatafuta sana. Friedman alikuwa mchumi wa Chicago, mtetezi mkubwa wa soko huria, mtu aliyeiona kila ofisi mpya ya serikali kama mwiba mguuni. King tunamjua. Lakini mwaka 1962 Friedman aliandika kwamba maskini wapewe fedha taslimu kupitia mfumo wa kodi: anayepata zaidi ya kiwango fulani ailipe serikali, anayepata pungufu serikali imlipe yeye. Na mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya kuuawa, King alitoa kitabu ambacho ndani yake alitaka umaskini ushambuliwe moja kwa moja, kwa kumhakikishia kila Mmarekani kipato. Mwaka 1968 wachumi zaidi ya 1,200 wakatia saini barua ya kulitaka Bunge la Marekani lipitishe sheria ya namna hiyo. Paul Samuelson, James Tobin na John Kenneth Galbraith walikuwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata akaibuka Richard Nixon, rais wa chama cha Republican, na mpango wake mwenyewe.

Watetezi wa leo wa kipato cha msingi kwa wote, yaani kiasi cha fedha anacholipwa kila mtu bila kuulizwa ana kazi au hana, wanaipenda sana orodha hiyo. Wanaisoma kama watu wanavyosimulia waliohudhuria harusi: alikuja fulani, na fulani naye alikuja, hata fulani usiyemtegemea. Wazo hili, wanasema, halina chama. Mimi naona orodha hiyo inapotosha. Watu wanaweza kulisifu jambo moja kwa sababu zinazopingana, na siku ya kugawana gharama kila mmoja akashika njia yake. Kinachoamua kama mrengo wa kulia na mrengo wa kushoto watashikamana hadi mwisho ni jibu la swali dogo ambalo wanazuoni huliruka: fedha hizi ni za nani? Marekani imelijibu swali hilo mara mbili, kwa njia mbili, ndani ya miaka isiyofika 15. Mara ya kwanza ilikuwa Washington, na jambo likafa. Mara ya pili ilikuwa Alaska, na malipo yake hayajakatika hata mwaka mmoja tangu 1982.

Tuanze na Washington. Tarehe 8 Agosti 1969 Nixon alilihutubia taifa kwa televisheni akatangaza mpango wa kusaidia familia, uliosukwa kwa mchango mkubwa wa Daniel Patrick Moynihan, mshauri wake aliyetoka chama cha Democratic. Familia ya watu wanne isiyo na kipato chochote ingelipwa dola 1,600 kwa mwaka, na wenye kazi za ujira mdogo nao wangeongezewa. Aprili 1970 Baraza la Wawakilishi likaupitisha muswada kwa kura 243 dhidi ya 155. Aliyesimama hapo angeweza kuapa kwamba shughuli imekwisha. Kisha muswada ukaingia Kamati ya Fedha ya Seneti, iliyoongozwa na Russell Long wa Louisiana, na huko ndiko ulikozikwa. Wahafidhina wa Kusini waliona kilichokuwa kinakuja: uchumi wao ulitegemea vibarua wa bei ya chini, wengi wao watu weusi, na mtu mwenye uhakika wa kula hapokei ujira wowote anaotupiwa. Upande wa pili, chama cha kitaifa cha kutetea haki za wapokea misaada, chini ya George Wiley, kilisema dola 1,600 ni matusi, kikataka 5,500. Basi ndani ya kamati ileile baadhi ya maseneta wakaukataa muswada kwa sababu ni mkubwa mno, na wengine kwa sababu ni mdogo mno. Friedman mwenyewe, ambaye wazo lilikuwa lake, alipoona linapachikwa juu ya misaada ya zamani badala ya kuiondoa, aliliacha mkono.

Muswada ulirudi, ukapita tena Baraza la Wawakilishi mwaka 1971, ukafa tena Seneti mwaka 1972. Mwaka huohuo George McGovern, mgombea urais wa chama cha Democratic, alitoa ahadi ya dola 1,000 kwa kila mtu. Alipobanwa aeleze zitatoka wapi, majibu yake hayakumridhisha hata rafiki, na ahadi ikageuka mzigo wa kampeni mpaka akaitua. Kilichookolewa kwenye ajali hiyo yote ni kitu kimoja chenye maana: mwaka 1972 Bunge likakubali kuwahakikishia kipato wazee, vipofu na walemavu wasio na uwezo. Ugomvi haukuwepo hapo, kwa kuwa kila upande uliwaona watu hao kuwa na haki ya kulishwa. Ugomvi ulikuwa juu ya mtu mwenye mikono miwili na afya. Kwa huyo, mlipa kodi aliuliza kwa nini jasho langu liende kwake, na watetezi wake wakauliza kwa nini apewe kidogo hivyo. Pande zote mbili zilikubaliana, bila kujua, kwamba fedha ni za mlipa kodi na anayepokea anapewa kwa hisani. Zilichogombania ni ukubwa wa hisani tu. Ndiyo maana hata leo sifa za kipato cha msingi kutoka mrengo wa kulia huja na kisu nyuma ya mgongo. Charles Murray, mwandishi mhafidhina, alipendekeza mwaka 2006 kila mtu aliyetimiza miaka 21 apewe dola 10,000 kwa mwaka, kisha zifutwe programu zote za ustawi wa jamii, pensheni ya uzeeni na bima ya afya ya wazee zikiwemo. Anayemhesabu Murray kuwa mwenzake na King hajauliza kila mmoja wao anataka kuondoa nini mezani.

Sasa twende kaskazini, kwenye baridi. Mafuta yaligunduliwa Prudhoe Bay, pwani ya kaskazini ya Alaska, mwaka 1968. Mwaka uliofuata jimbo likapiga mnada vibali vya kuchimba na kupata dola milioni 900 kwa siku moja, fedha iliyozidi bajeti yake ya mwaka mara kadhaa. Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya Alaska ilikuwa na daftari, ila nayo iliyeyuka ndani ya miaka michache, na wananchi wakabaki wakiulizana ilikwenda wapi. Kwa hofu ya kurudia hayo, mwaka 1976 walipiga kura kubadili katiba ya jimbo: angalau asilimia 25 ya mrabaha wa mafuta na madini iwekwe katika Mfuko wa Kudumu, mtaji wake usiguswe, yatumike mapato yake tu. Bomba la mafuta lilianza kazi mwaka 1977, na mfuko ukaanza kunenepa.

Gavana wa wakati huo, Jay Hammond, alikuwa mtu wa chama cha Republican, tena wa aina ambayo vyama haviitengenezi tena: rubani wa ndege ndogo za porini, mvuvi, mwongoza wawindaji. Kabla ya ugavana alikuwa kiongozi wa serikali ya mtaa huko Bristol Bay, ambako samaki aina ya salmoni huja kwa mamilioni. Aliona meli za wageni zikija, zikivua, zikiondoka na fedha, na vijiji vilivyokaa juu ya utajiri huo vikibaki maskini. Akapendekeza samaki watozwe kodi na wakazi wawe kama wanahisa, kila mmoja na fungu lake. Kodi ilikuja kukubalika. Wazo la hisa wakalikataa. Alipokuwa gavana na mafuta yakaanza kutiririka, alilirudia wazo lake la zamani kwa ukubwa wa jimbo zima. Na hakujifanya malaika. Alieleza kwamba anataka uroho wa wengi uushinde uroho wa wachache: kila raia akiwa na fungu lake mfukoni, hakuna mwanasiasa atakayethubutu kuuchezea mfuko akabaki salama.

Kuna kipengele kimoja ambacho wanaoisifu Alaska hukipita haraka. Hammond hakutaka gawio la usawa. Alitaka kila mkazi alipwe dola 50 kwa kila mwaka alioishi Alaska tangu ipate hadhi ya kuwa jimbo mwaka 1959, ili mwenyeji wa zamani apate nyingi na aliyeshuka jana na sanduku lake apate chache. Mke na mume, mawakili waliokuwa wamehamia muda si mrefu, wakaenda mahakamani, na Juni 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa majaji 8 dhidi ya 1 kwamba katiba hairuhusu raia kupangwa kwa madaraja ya ukongwe. Mwaka huohuo kila mkazi, mkubwa kwa mdogo, hata mtoto wa kubebwa, akapata dola 1,000 sawasawa. Usawa unaosifiwa leo kama busara ya watu wa Alaska uliingia kwa hati ya mahakama.

Lakini ulipoingia ulikaa. Tazama jimbo lenyewe. Tangu lianze kupiga kura za urais, Alaska imemchagua mgombea wa Democratic mara moja tu, mwaka 1964. Ni nchi ya bunduki, ya watu wanaojisifu kwa kujitegemea, na mwaka 1980 walifuta kodi ya mapato kabisa. Mahali pa namna hiyo ndipo serikali inapompa kila mtu fedha kila mwaka bila kumuuliza kitu. Mwaka 1999 wakubwa wa jimbo, wakati bei ya mafuta imeporomoka, waliwaomba wananchi kwa kura ya maoni waruhusu sehemu ya mapato ya mfuko ilipie shughuli za serikali. Asilimia 83 wakakataa. Mwaka 2016 bei iliporomoka tena, na gavana Bill Walker, asiye na chama, akalikata gawio karibu nusu, likawa dola 1,022 mahali ambapo kanuni ya kisheria ingetoa zaidi ya 2,000. Aliyemburuta mahakamani alikuwa seneta wa Democratic, Bill Wielechowski, na waliosimama pamoja naye walikuwa marais wawili wa zamani wa Seneti ya jimbo, Clem Tillion na Rick Halford, wote wa Republican. Huo, msikilizaji, ndio ushirikiano wa kuvuka itikadi ninaouheshimu: watu wasiokubaliana juu ya jambo lolote jingine wanasaini hati moja ya mashtaka. Walishindwa kesi mwaka 2017, mahakama iliposema gawio ni matumizi kama matumizi mengine, lazima lipitishwe na bunge kila mwaka na gavana anaweza kulipunguza. Walker naye, mwaka 2018, alijitoa kwenye kinyang'anyiro kabla ya siku ya kura, na kiti kikachukuliwa na Mike Dunleavy wa Republican, aliyeahidi gawio kamili.

Kwa nini Hammond alifanikiwa pale Nixon aliposhindwa? Wapo wanaojibu kwa neno moja, mafuta, na kufunga mjadala. Jibu hilo ni fupi mno. Zipo nchi tele zenye mafuta ambazo raia wake hawajaona senti. Mafuta yalifanya kazi nyingine: yaliondoa mlipa kodi kwenye hadithi. Mrabaha unatoka ardhini, na maliasili za jimbo katiba yake inataka zitumike kwa manufaa ya watu wake. Anayepokea haonekani kuchukua cha jirani, anachukua chake. Mhafidhina anaridhika kwa kuwa fedha inatoka mikononi mwa urasimu na kurudi kwa mwenyewe. Mtu wa kushoto anaridhika kwa kuwa mtoto wa mvuvi wa jamii ya wenyeji wa asili ya Inupiat kijijini anapata sawa na mtoto wa meneja wa kampuni ya mafuta, na kwa familia ya kijijini fungu hilo ni zito kuliko kwa yule meneja. Hawakuhitaji kuafikiana kuhusu haki ni nini. Ilitosha kuafikiana kuhusu mwenye mali ni nani. Na neno lenyewe lilisaidia: waliliita gawio, kama la mwenye hisa, hawakuliita msaada.

Msikilizaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa uzito wa majina. Anajua maneno "kaya maskini" yalivyotoka kwenye nyaraka za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) yakaingia mtaani, mara kama utani, mara kama tusi, na anajua manung'uniko yanayofuata kila orodha ya wanufaika: kwa nini yule yumo na mimi simo. Fedha inayopimwa kwa umaskini wa mtu humtenga anayeipokea na jirani yake asiyeipokea, na jirani huyo ndiye mpiga kura. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumlipa shilingi 20,000 kwa mwezi kila mzee aliyetimiza miaka 70, bila kupima umaskini wake, ilikwepa mtego huo kwa upande wa wazee: kila familia ina mzee, au inatarajia kuwa naye. Marekani yenyewe ilijifunza somo hili upya mwaka 2021, ilipoongeza malipo kwa ajili ya watoto hadi dola 3,600 kwa mwaka kwa mtoto mdogo. Kwa kipimo cha umaskini kinachohesabu misaada ya serikali, umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2, na malipo yalipokatika mwishoni mwa mwaka, kipimo hicho kikapanda hadi 12.4 mwaka 2022. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba mpango ulifanya kazi. Hata hivyo ulikufa kwa kukosa kura ya seneta mmoja, Joe Manchin, na hakuna kishindo kilichosikika. Kazi nzuri haikutosha kuulinda. Wengi waliuona kama unafuu wa wakati wa korona, zawadi yenye tarehe ya mwisho, na mtu haandamani kudai zawadi.

Pingamizi la kwanza analolileta kila mtu ni uvivu. Watu wakipewa fedha za bure, nani atafanya kazi? Kwa Alaska tunao ushahidi wa miaka mingi. Wachumi Damon Jones na Ioana Marinescu walilinganisha ajira za jimbo hilo na mahali pengine panapofanana nalo, wakakuta idadi ya watu wenye kazi haikupungua, ila sehemu ya watu wenye kazi za saa chache iliongezeka kwa kama pointi mbili za asilimia. Nchini Kenya, shirika la Kimarekani la GiveDirectly limekuwa likilipa vijiji vizima kwa miaka, baadhi kwa ahadi ya miaka 12, na watafiti hawakukuta watu wakilala. Walikuta baadhi wakiacha vibarua na kuanzisha shughuli zao. Lakini sitaki kuuficha ushahidi wa upande wa pili. Utafiti uliotolewa mwaka 2024, ambapo watu 1,000 wa Texas na Illinois walilipwa dola 1,000 kila mwezi kwa miaka mitatu, ulionyesha kwamba walifanya kazi pungufu kwa saa kama 1.3 kwa wiki wakilinganishwa na waliopewa kidogo. Basi kiasi kikiwa kikubwa, kazi hupungua kidogo. Hiyo ndiyo hali, na mtetezi anayeikana anajivunjia heshima. Ninachokiona mimi ni kwamba swali la uvivu lenyewe huulizwa kwa upendeleo. Anayepokea gawio la hisa zake za benki haulizwi kama leo ameshika jembe. Huulizwa yule tu tunayeamini kwamba anakula cha mwingine. Alaska wameacha kuliuliza, kwa sababu wameacha kuamini hivyo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo hutoka kushoto. Gawio la Alaska, wanasema, si kipato cha msingi. Dola elfu moja au mbili kwa mwaka hazilipi hata kodi ya nyumba ya miezi miwili Anchorage. Nakubali. Na wanaongeza: hicho kidogo chenyewe kinakula huduma za umma. Mwaka 2019 ndio mfano wao, nao ni mchungu. Dunleavy, akiwa na ahadi ya gawio la dola 3,000 shingoni na hana kodi ya mapato ya kumsaidia, alifyeka bajeti kwa kiasi cha dola milioni 444. Chuo Kikuu cha Alaska peke yake kilipoteza dola milioni 130. Makumi ya maelfu ya watu wakatia saini kutaka avuliwe ugavana. Ikabidi alegeze, chuo kikarudishiwa sehemu, na gawio la mwaka ule likawa dola 1,606, si 3,000. Kwa hiyo ngao aliyoitengeneza Hammond ina ncha upande wa pili. Mapenzi ya watu kwa fungu lao yanaweza kuligeuza kuwa mshindani wa shule na zahanati, kwa sababu hundi mtu huiona kwa macho na mwalimu wa kijiji cha mbali hamwoni. Silioni jibu rahisi hapa. Lakini angalia chanzo cha mgongano: gawio na shule viligombana kwa kuwa jimbo lilikuwa limekwisha kuifuta kodi ya mapato miaka 39 kabla, na haikuwa imerudishwa. Hammond mwenyewe aliona kuifuta kabisa ni kosa, kwa kuwa mtu asiyelipa chochote hana sababu ya kuichunga serikali inavyotumia. Anayemlaumu kwa lililotokea 2019 anamwonea nusu.

Linabaki pingamizi la watu wasio na mafuta, ambao ndio wengi duniani. Je, nchi isiyo na kisima cha mafuta ina mali gani ya kugawa? Thomas Paine alilijibu mwaka 1797, kabla mafuta hayajawa biashara: ardhi yenyewe kwa asili ni ya wote, aliyeizungushia uzio anadaiwa na wenzake fidia, na fidia hiyo ilipwe kwa kila kijana anayefikia umri wa utu uzima na kila mzee. Siku hizi wengine hutaja hewa. Mwaka 2017 James Baker na George Shultz, waliokuwa mawaziri wa Republican enzi za Reagan, walipendekeza hewa ya ukaa itozwe kodi na fedha zote zirudi kwa wananchi kama gawio, kama dola 2,000 kwa familia ya watu wanne kuanzia. Hoja yao ni nzuri, na kwa bahati mbaya kwa nadharia yangu kuna nchi iliyojaribu kitu kinachofanana. Canada ilianza mwaka 2019 kutoza mafuta ya magari na gesi ya majumbani, ikarudisha sehemu kubwa ya fedha kwa familia. Familia nyingi zilirudishiwa zaidi ya zilizotoa kituoni. Bado wapinzani waliufanya mpango huo kuwa wimbo wa kila mkutano, na Aprili 2025 serikali ya chama kilekile kilichouanzisha ikauondoa.

Canada imenifanya niipunguze hoja yangu, sikuiacha. Inaonyesha kwamba kutangaza kuwa kitu ni mali ya wote hakutoshi. Watu lazima wakione kuwa chao kabla ya kugawiwa. Mcanada aliiona tozo kila alipojaza tangi, na fedha ya kurudishiwa ikamwingilia benki kimyakimya, mara chache kwa mwaka, kwa jina ambalo wengi hawakulitambua kwenye karatasi ya akaunti. Alijihesabu kuwa aliyetozwa. Kwamba yeye ni mwenye hewa hakuna aliyemshawishi. Alaska kinyume chake: kiasi hutangazwa kila mwaka, malipo huanza Oktoba, na wauza magari, mashirika ya ndege na maduka ya samani huisubiri wiki ile kwa matangazo makubwa. Hata mtoto wa shule anajua mwaka huu ni shilingi ngapi, kama tungesema kwa lugha yetu. Iran nayo, mwaka 2010, chini ya rais Mahmoud Ahmadinejad ambaye hakuna atakayemwita mtu wa kushoto, ilipunguza ruzuku ya mafuta na kuanza kumlipa kila mwananchi fedha kila mwezi. Familia ziliziona akaunti zimejaa kabla bei za petroli hazijapandishwa. Mfumuko wa bei ulikuja kuzila fedha hizo thamani yake, lakini mpango haukupinduliwa na watu.

Turudi Alaska, kwa kuwa hata kule mkataba hauna mwisho mwema ulioandikwa. Baada ya hukumu ya 2017 gawio halina ulinzi wa katiba. Kila baada ya miaka 10 wapiga kura wa jimbo huulizwa kama wanataka mkutano wa kuandika katiba upya, na mwaka 2022 waliotaka gawio liingizwe kwenye katiba waliwahimiza waseme ndiyo. Mwaka huohuo gawio, pamoja na nyongeza ya gharama za nishati, lilikuwa dola 3,284, kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipwa. Wapiga kura wakasema hapana kwa wingi, wakihofia kitabu kikifunguliwa kitaandikwa mengine wasiyoyataka. Tangu hapo ni mapatano ya kila mwaka katika bunge la jimbo huko Juneau, makao makuu yake, ambako mstari kati ya wapenda gawio kubwa na wapenda bajeti ya shule hupita katikati ya vyama vyote viwili. Mwaka 2023 walitoka na dola 1,312. Mwaka 2024 wakatoka na 1,702. Mwaka 2025 wakatoka na dola 1,000, tarakimu ileile ya mwaka 1982, ambayo leo hainunui hata theluthi moja ya iliyonunua wakati ule. Wakazi walinung'unika, wakajaza fomu zao, wakalipwa.